Ini Nililoliandika Safi: Kisa cha Madoa ya Milimita 4

Ripoti yangu juu ya mgonjwa huyu ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema: "Ini limekua kidogo, sentimita 16.5. Hakuna doa." Siku 4 baadaye, kwa mkono uleule na mashine ileile, nilihesabu madoa 11 katika ini hilohilo, kisha nikaacha kuhesabu.

Naandika kisa hiki kwa wenzangu tunaoshika probu, kichwa cha mashine ya ultrasaundi inayopiga picha za mwili kwa sauti, kila siku, na kwa madaktari wanaotuandikia fomu.

Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye lukemia kali ya mayeloidi, aina ya saratani ya damu. Alikuwa amemaliza awamu ya kwanza ya tibakemikali: siku 7 za sitarabini, siku 3 za daunorubisini. Dawa hizi huangusha chembe nyeupe za damu, na kwake nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zilikaa chini ya 500 kwa kila maikrolita kwa siku 24 mfululizo. Siku ya 9 ya kipindi hicho homa ilianza. Alitundikiwa antibayotiki. Damu yake ilioteshwa maabara mara tatu, haikuota kitu. Siku ya 13 mwenzangu alimpima ini kwa ultrasaundi akaliona la kawaida. Naamini hadi leo kwamba alikuwa sahihi, nitalirudia hilo.

Kisha nyutrofili zikarudi: 600, 1,100, 1,900. Wodi nzima ilitarajia homa ishuke, kwa kuwa mwili sasa ulikuwa na askari wake. Homa ikapanda. Kila jioni 38.9. Yakaongezeka maumivu chini ya mbavu za kulia. Fosfatasi ya alkali, kimeng'enya kinachopanda ini likiumwa, ikafika 412 wakati kikomo cha juu cha maabara ni 130, ilhali bilirubini, kipimo cha umanjano, ilikuwa palepale. Fomu iliyoletwa kwangu iliandikwa hivi tu: "Homa. Ini?"

Nilimpima kwa probu ya konveksi, ile yenye uso uliopinda tunayoitumia kwa tumbo lolote, kina kikiwa sentimita 17. Dakika 12 zilitosha. Mfuko wa nyongo mzuri, mirija ya nyongo haijatanuka, figo nzuri, hakuna maji tumboni. Nikaandika mistari yangu minne.

Siku ya nne daktari wake wa damu alishuka mwenyewe hadi chumbani kwangu. Alikuja na picha zangu, na hakuja kugomba.

"Dada, homa hii imerudi pamoja na chembe nyeupe. Naogopa majipu madogo ya fangasi. Chukua ile probu unayopimia tezi ya shingo, uipitishe kwenye ini na wengu. Nakuomba."

Nilianza upya na konveksi kwa makusudi, nijue kama jicho lililokwisha kuonywa litaona zaidi. Kwa dakika nyingi halikuona. Ini lilionekana kuparuza kidogo, basi. Maneno kama hayo huwa tunayaandika tukiwa na shaka isiyo na mahali pa kushika.

Nikachukua probu ya linia, ile yenye uso ulionyooka. Masafa ya sauti, megahezi 9. Kina nikakipunguza hadi sentimita 5, fokasi nikaiweka kwenye sentimita 2, nikawasha hamoniki, kitufe cha kusafisha picha, nikamimina jeli ya kutosha na kuanzia chini kidogo ya chembe cha moyo, mahali ambapo sehemu ya kushoto ya ini iko karibu kabisa na ngozi. Nilibonyeza taratibu ili kuyasukuma mafuta na gesi kando. Kijana alikuwa amekonda sana. Ngozi, mafuta na msuli vyote kwa pamoja vilichukua milimita 11, na ini likajaza skrini yote iliyobaki. Utando wake ulikuwa mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Chini ya utando niliona vijitawi vya mshipa wa lango, kila kimoja na kuta zake nyeupe, vidogo kiasi ambacho konveksi haijawahi kunionyesha.

"Vuta pumzi, mdogo wangu. Ishikilie hapohapo."

Nikatelezesha probu milimita chache kwa sekunde. Doa jeusi likapita. Nikarudi nyuma, nalo likarudi: mviringo, milimita 4.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kukubali haraka au kwa kukataa haraka. Mshipa uliokatwa kwa kukingama nao huonekana kama doa jeusi la mviringo, na ndani ya ini mishipa ya namna hiyo haihesabiki. Nilichofanya ni kuliweka doa katikati ya skrini na kuizungusha probu nyuzi 90 bila kuihamisha. Mshipa ukizungushiwa probu hurefuka ukawa mfereji, nawe unaweza kuufuata hadi unakoungana na mwenzake. Doa hili halikurefuka. Lilianzia pale na kuishia palepale. Nikaweka dopla, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi; damu ilipita pembeni yake, ndani hamkuwa na rangi. Na nyuma yake hapakuwa na mng'ao ule unaofuata kifuko cha maji.

La pili, sentimita 2 kutoka la kwanza, lilikuwa jeusi lenye kitone cheupe katikati, kama shabaha ya kulengea. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, milimita 9, na lilipangwa duara ndani ya duara: kitovu cheusi, kikizungukwa na pete nyeupe, nayo ikizungukwa na pete nyeusi hafifu. Mwili ulinisisimka. Picha hiyo nilikuwa nimeisoma darasani na kuichora kwenye mtihani, sikuwahi kuiona ikisogea na pumzi ya mtu.

Nilipohamia upande wa kulia ilibidi nipite kati ya mbavu. Uso wa linia ni mrefu, na ukiulaza kukatiza mbavu unapata vivuli viwili vyeusi na kipande kidogo cha ini katikati. Unaulaza kufuata nafasi kati ya ubavu na ubavu, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto na mkono wa kulia kichwani, na unapanda nafasi moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha kwa wote wawili. Katika nafasi ya saba, ya nane na ya tisa madoa yalikuwepo, mengi yao ya milimita 3 hadi 5. Kwenye wengu yalikuwa 3.

"Umeona kitu, dada?" aliniuliza.

"Nimeona vitu vidogo vidogo. Daktari wako atakueleza vizuri leo hiihii."

Alifumba macho. "Afadhali," akasema. Zaidi ya wiki tatu za homa isiyo na jina zilikuwa ndani ya neno hilo.

Alipokwisha kupumzika niliomba ruhusa ya kurudi tena na konveksi, sasa nikijua kila doa liko wapi. Lile la milimita 9 lilionekana, kivuli cha kijivu ambacho nisingekisimamia mbele ya mtu yeyote. Yale ya milimita 4 hayakuonekana hata nilipoweka probu juu yake moja kwa moja. Nilifungua pia picha 14 nilizohifadhi siku 4 zilizopita. Katika moja pana kivuli ambacho huenda ni lilelile la milimita 9. Siwezi kuapa.

Kwa nini konveksi ilishindwa? Jibu linalotolewa kwa haraka ni urefu wa wimbi. Sauti husafiri ndani ya nyama laini kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde; kwa megahezi 3.5 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.44, kwa megahezi 9 ni milimita 0.17. Hesabu hiyo ni kweli, ila haitoshi kueleza kisa hiki. Milimita 0.44 bado ni ndogo mara 9 kuliko doa la milimita 4. Kwa wimbi peke yake, konveksi ingepaswa kuliona.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni unene wa mkato. Picha ya ultrasaundi tunaiona kama karatasi isiyo na unene, lakini kila mkato una unene wake, na probu ya konveksi ya kawaida ina lensi iliyotengenezwa ili mkato uwe mwembamba kina kirefu, sentimita kadhaa ndani, si karibu na ngozi. Sentimita 2 chini ya ngozi mkato wake unaweza kuwa mnene kuliko doa lenyewe. Mashine inachanganya mwangwi wa doa na mwangwi wa ini zima lililo mbele na nyuma yake ndani ya mkato huo, kisha inakupa wastani. Shika karatasi tano pamoja mbele ya taa, mojawapo ikiwa na tundu dogo. Hutaona tundu, utaona mahali palipopungua weusi kidogo tu. Ndivyo doa jeusi linavyogeuka kijivu kati ya kijivu. Lensi ya linia imelengwa karibu, sentimita 1 hadi 3 kwa nyingi tunazotumia, mahali hasa utando wa ini ulipo.

Juu ya hilo kuna ukungu. Sauti hudunda kati ya uso wa probu na matabaka ya mafuta na misuli, ikarudi imechelewa, na mashine ikaipanga kana kwamba imetoka ndani ya ini. Kwa konveksi sentimita 2 za kwanza mara nyingi ni ukungu mtupu, na sisi tumezoea kuurusha macho hadi pale picha inapopendeza. Tumezoea sana.

Halafu lipo jambo rahisi ambalo sikulifikiria hadi nilipolipima kwa rula. Picha kwenye skrini yangu ina urefu wa sentimita 20. Kwa kina cha sentimita 17, doa la milimita 4 linachukua chini ya milimita 5 za skrini. Kwa kina cha sentimita 5, doa hilohilo linachukua milimita 16.

Sasa upande wa pili, maana nisingependa mtu amalize kusoma hapa akaiweke konveksi kabatini. Masafa ya juu hulipiwa kwa kina. Kanuni ya kazini ni kwamba sauti hufifia karibu nusu desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Kwa megahezi 9, kwenda sentimita 2 na kurudi kunagharimu desibeli 18, nazo mashine inazifidia bila shida. Kwenda sentimita 8 na kurudi kunagharimu desibeli 72: inarudi sehemu moja kati ya milioni 16 hivi. Konveksi ya megahezi 3.5 kwa safari hiyohiyo inapoteza desibeli 28. Ini lenye mafuta mengi huongeza hasara. Kwa hiyo linia ilinionyesha sentimita 5 za mbele na za pembeni; sehemu ya nyuma ya kulia na kuba lililo chini ya kiwambo cha mapafu sikuyagusa kwa probu hiyo hata kidogo.

Ilitosha kwa sababu ya aina ya ugonjwa. Fangasi hawa hufika kwenye ini kwa njia ya damu na kutapakaa kote. Ukiona vizuri robo ya ini umeuona ugonjwa. Hali ni hiyohiyo kwa kifua kikuu kilichosambaa kama mtama, na linia husaidia pia kwa vinundu vya juujuu ya utando na kwa kukagua kama uso wa ini umeanza kuwa na matuta ya sirosisi, makovu ya ini. Lakini mtu anayetafuta kinundu kimoja cha saratani ndani kabisa ya sehemu ya kulia hafaidiki na linia safi. Huyo anahitaji konveksi kwa uangalifu, kisha CT au MRI. Kabla ya kuchukua probu ya pili najiuliza: ugonjwa ninaoutafuta umetapakaa, au umejificha mahali pamoja?

Narudi kwa mwenzangu wa siku ya 13. Jipu dogo la fangasi, kama tunavyoliona kwenye skrini, kwa sehemu kubwa limejengwa na mwili wenyewe: chembe nyeupe zinazolizingira, nyama iliyokufa katikati, kisha kovu changa pembeni. Pete nilizoziona ni kazi ya chembe nyeupe. Mgonjwa asiye na nyutrofili hana mafundi wa kujenga pete hizo. Fangasi wanaweza kuwa ndani ya ini na picha isionyeshe kitu, hata ya CT. Wakirudi mafundi, ujenzi unaanza, na homa inapanda kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana ini la siku ya 13 linaweza kuwa lilikuwa halina cha kuonyesha. Langu ni jambo jingine. Nilimpima siku 5 baada ya nyutrofili kuvuka 500, na siku 4 tu kabla ya kuona pete mbili kamili kwenye doa la milimita 9. Madoa yalikuwepo. Niliyapita. Katika siku hizo 4 kijana alibadilishiwa antibayotiki mara mbili, na hakupata hata tone la dawa ya fangasi.

Ultrasaundi haikutaja jina la ugonjwa, na ni vizuri kulisema wazi. Madoa madogo meusi mengi kwenye ini la mgonjwa wa lukemia yanaweza kuwa fangasi, majipu ya bakteria, kifua kikuu, au lukemia yenyewe. Chembe sahani zake, zinazogandisha damu, siku hiyo zilikuwa chache, 38,000, na hakuna aliyetaka kuingiza sindano kwenye ini lake. MRI ilifanyika kesho yake: madoa yalitapakaa ini zima na wengu, yaking'aa kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI, mengine katika sehemu ya nyuma ambayo linia haikufika. Kaspofanjini, dawa ya fangasi, ilianza usiku wa siku ya kipimo changu, miligramu 70, kisha 50 kila siku.

Chembe sahani zilipopanda hadi 96,000 tulichukua biopsi, kipande kidogo cha ini cha kuchunguzwa. Linia ilitumika tena, mara hii kuongoza sindano kwenye lile doa la milimita 9 upande wa kushoto, na niliiona ncha ya sindano ikiingia kwenye pete nyeupe. Patholojia ilikuta uvimbe wa mchochota, na ndani yake chembe za hamira zenye vichipukizi na nyuzi, umbo la fangasi aitwaye Kandida. Kipande kilichooteshwa hakikuota, kama damu yake isivyoota, jambo la kawaida kwa ugonjwa huu. Homa ilishuka siku ya 12 ya dawa, na siku hizo 12 zilikuwa ndefu kwa mama yake, ambaye kila jioni aliniuliza korido kama nina hakika na nilichokiona. Baadaye alihamishiwa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 400 kwa siku, na tibakemikali ikaendelea chini ya dawa hiyo.

Kwangu limebadilika neno moja la ripoti. Niliandika "hakuna doa". Neno hilo linasema habari ya ini. Nilichokuwa na haki ya kusema ni "sikuona doa", na hiyo ni habari ya macho yangu, ya probu niliyoshika na ya kina nilichokiweka. Sasa ripoti zangu zinataja probu, masafa na sehemu ambazo hazikufikika. Baadhi ya madaktari wanaona ni maneno mengi. Nayaacha hivyohivyo. Picha za madoa madogo nazihifadhi kama video fupi, kwa kuwa kwenye picha mgando hata mimi siwezi kutofautisha doa na mshipa uliokatwa. Na fomu ikija na neno "Homa" peke yake napiga simu wodini kuuliza nyutrofili zilikuwa ngapi wiki iliyopita, na ngapi leo.

Kijana nilimpima tena wiki ya 6 ya dawa. Doa la milimita 9 lilikuwa limepungua hadi 5, na mengi ya yale madogo sikuyapata tena. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano tangu dawa ianze. Nywele zilikuwa zimeota, kilo zimerudi, na ukuta wa tumbo ambao zamani ulikuwa milimita 11 sasa ulikuwa 19, hata nikalazimika kuisogeza fokasi chini. Niliandika hivi:

"Konveksi megahezi 3.5, ini na wengu zima: sikuona doa. Linia megahezi 9, sentimita 5 za mbele: vitone vyeupe 3 vyenye kivuli nyuma, kikubwa milimita 2, mahali palepale palipokuwa na madoa meusi, vimefanya chokaa. Sikuona doa jeusi. Sehemu ya nyuma ya kulia haikufikika kwa linia. Ilinganishwe na MRI ya wiki ijayo."